Kutoka Duka la Baisikeli Hata Mwezini: Habari za Jimbo la Ohio

Kila mtu aliyewahi kujifunza kupanda baisikeli ajua siri moja ambayo hawezi kuieleza vizuri kwa maneno. Baisikeli haisimami peke yake. Ukiiachilia huanguka upande, na hata ikiwa katika mwendo haina budi kuangaliwa kila sekunde na yule aliyeipanda, ambaye huinama kidogo huku na kugeuza usukani kidogo kule bila hata kufikiri. Mtoto anayeanza huliona jambo hili kuwa muhali kabisa. Baada ya siku chache, na magoti yakiisha kuchubuka, husahau kwamba lilikuwa gumu. Katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, nchi ya Marekani, walikuwako ndugu wawili waliokuwa wakitengeneza na kuuza baisikeli, nao waliifikiri siri hii kuliko watu wengine. Majina yao Wilbur na Orville Wright. Kwa ajili ya fikira zao, leo msomaji akisikia mngurumo juu ya shamba lake hainui hata kichwa kutazama.

Ohio si nchi ya ajabu kwa sura. Ni nchi ya mahindi, nguruwe na ng'ombe wa maziwa, pamoja na miji ya viwanda, iliyo kati ya ziwa Erie upande wa kaskazini na mto Ohio upande wa kusini. Haina milima mirefu wala haikupakana na bahari. Hata hivyo, hao ndugu waliorusha eropleni ya kwanza yenye injini walikuwa watu wa huko. Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia katika chombo cha angani alizaliwa huko. Na mtu wa kwanza kukanyaga mwezi alizaliwa huko pia, katika shamba la babu na bibi yake. Watu wengi wameuliza sababu yake. Mimi nadhani sehemu kubwa ya jibu imo katika lile duka la baisikeli, basi na tulitazame kwanza.

WATOTO WA ASKOFU

Baba yao, Milton Wright, alikuwa askofu wa kanisa dogo la Kiprotestanti, mtu wa safari nyingi na vitabu vingi. Mama yao, Susan, alikuwa binti wa fundi wa magari ya farasi, na katika nyumba ile yeye ndiye aliyejua kushika nyundo na randa. Mwaka 1878 baba alirudi safarini na kitu cha kuchezea kilichotengenezwa kwa karatasi na mianzi, chenye uzi wa mpira wa kusokotwa. Ukikiachia kiliruka mpaka darini. Kilipovunjika watoto wakatengeneza vingine, kila kimoja kikubwa kuliko cha kwanza, wakashangaa kuona kwamba kadiri walivyokikuza ndivyo kilivyokataa kuruka.

Hapana hata mmoja wa hao wawili aliyepata hati ya kumaliza masomo ya sekondari. Walianza kwa kazi ya kupiga chapa, na mashine yao Orville aliiunda mwenyewe. Hapa pana jambo ambalo halitajwi mara nyingi. Katika shule ya sekondari ya Dayton Orville alisoma pamoja na kijana mmoja mweusi, Paul Laurence Dunbar, aliyekuwa peke yake wa rangi yake katika darasa lile. Wazazi wake Dunbar walikuwa wamezaliwa utumwani katika jimbo la Kentucky, na mama yake alifua nguo za watu ili mwanawe asome. Mwaka 1890 Dunbar alianzisha gazeti la watu weusi wa mji ule, jina lake Dayton Tattler, nao ndugu Wright wakalipiga chapa. Gazeti lilikufa baada ya matoleo machache kwa kukosa fedha. Dunbar alipomaliza shule alitafuta kazi ya ukarani asiipate, kwa sababu ya rangi yake, akaenda kuendesha lifti katika jumba la maofisi kwa mshahara wa dola 4 kwa wiki. Alitunga mashairi kati ya safari moja ya lifti na nyingine, na kitabu chake cha kwanza aliwauzia abiria wake mle mle ndani ya lifti. Baadaye sifa zake zilienea Marekani yote na kufika Uingereza, lakini alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1906, naye hajatimiza miaka 34.

Ndugu Wright waliingia katika biashara ya baisikeli mwaka 1892. Biashara ilikuwa nzuri, na katika majira ya baridi, wanunuzi walipopungua, walikuwa na nafasi ya kufanya mengine.

NAMBA ILIYOKUWA NA KOSA

Wakati ule watu wengi wenye elimu waliotaka kuruka walifikiri kwamba eropleni lazima iwe kama gari au merikebu, chombo kilichotulia chenyewe, na mtu akae ndani kama abiria. Ndugu Wright waliiona kama baisikeli. Walisema isiyotulia si kitu, maadamu aliyeipanda aweza kuiweka sawa. Basi swali lao la kwanza halikuwa habari ya injini, bali jinsi ya kuishika eropleni isipinduke. Siku moja mwaka 1899 Wilbur alikuwa dukani ameshika kisanduku kitupu cha karatasi ngumu, kilichokuwa na mpira wa ndani wa gurudumu la baisikeli. Alipokuwa akikisokota mkononi aliona kwamba upande mmoja huinama na wa pili huinuka. Akawaza, je, mabawa mawili yaliyofungwa moja juu ya jingine yakisokotwa hivyo kwa kamba, hayataweza kuigeuza na kuiweka sawa eropleni? Walijenga tiara kubwa wakajaribu, ikawa kweli.

Dayton haina upepo wa kutosha wala mchanga wa kuangukia, kwa hiyo waliandikia ofisi ya hali ya hewa mjini Washington wakiuliza mahali pafaapo, kisha wakachagua Kitty Hawk, katika pwani ya jimbo la North Carolina. Huko walikwenda mwaka 1900, na tena mwaka 1901, na vyombo visivyo na injini vya kuteleza hewani. Mara ya pili mambo yalikuwa mabaya. Mabawa hayakuinua uzito ambao hesabu zilisema yatainua. Wilbur alisema miaka michache baadaye, mbele ya wenyeji wake Wafaransa, kwamba katika mwaka ule wa 1901 alimwambia ndugu yake kuwa watu hawataruka mpaka ipite miaka 50.

Kosa lilikuwa wapi? Ndugu Wright walikuwa wametumia majedwali ya hesabu ya Mjerumani Otto Lilienthal, mtu shujaa aliyeteleza hewani mara nyingi kwa mabawa aliyoyaunda mwenyewe, hata akaanguka na kufa mwaka 1896. Pamoja na majedwali hayo ilitumiwa namba moja ya kale, yaani 0.005, iliyotoka Uingereza katika karne ya 18, ya kupimia nguvu ya upepo upigao ubao. Namba hii ilikuwa imenakiliwa kitabu baada ya kitabu kwa zaidi ya miaka 100, nayo haikuwa sahihi. Ndugu Wright walipopima wenyewe walipata kama 0.0033. Sisi makarani tunalijua sana jambo la namna hii. Kosa likiisha kuandikwa kwa wino mzuri katika jalada, kila ajaye hulinakili, wala hapana athubutuye kuuliza lilitoka wapi.

Jinsi walivyopima yapasa kuelezwa, kwa maana hata fundi wa kijijini angeweza kufanya vivyo hivyo kama angalikuwa na subira yao. Kwanza walifunga gurudumu la tatu, limelala, mbele ya usukani wa baisikeli. Juu yake wakasimamisha kipande cha bawa na kipande cha bamba bapa, kisha wakaiendesha baisikeli kwa kasi katika njia za Dayton waone kipi kitakishinda chenzake. Walipopata fununu wakatengeneza sanduku la mbao, urefu wake futi 6, upana na kimo chake inchi 16, na feni upande mmoja, iliyozungushwa na injini ya karakana. Mizani ya kuweka ndani ya upepo ule waliiunda kwa vipande vya misumeno ya chuma na waya wa spoki za baisikeli. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1901 walijaribu mabawa madogo ya bati ya maumbo karibu 200, moja baada ya jingine, nao waliandika kila kipimo katika daftari. Hawakumruhusu mtu kusimama karibu na sanduku wakati wa kupima, maana hata mwili wa mtu mmoja chumbani huupotosha upepo. Mwaka uliofuata walirudi Kitty Hawk na mabawa yaliyotokana na vipimo hivyo, wakateleza hewani mamia ya mara bila shida kubwa.

Injini ilikuwa jambo dogo kwao baada ya hayo. Hawakupata kiwanda cha kuwauzia iliyo nyepesi ya kutosha, basi fundi wao wa dukani, Charlie Taylor, aliiunda kwa wiki 6, nguvu yake kama farasi 12. Rafadha, yaani yale mapanga yazungukayo, zilikuwa mbili, nazo zilizungushwa kwa minyororo kama ya baisikeli. Wakati ule ule Profesa Samuel Langley wa Washington alikuwa na eropleni yake, aliyopewa dola 50,000 na idara ya vita ili aiunde. Tarehe 8 Desemba 1903 ilitumbukia mtoni kwa mara ya pili. Siku 9 baadaye, tarehe 17, Orville aliruka Kitty Hawk kwa sekunde 12, mwendo wa futi 120. Mara ya nne siku ile Wilbur aliruka kwa sekunde 59, futi 852. Kazi yote ya ndugu wale iligharimu chini ya dola 1,000, nazo zilitoka katika faida ya baisikeli.

MALISHO YA NG'OMBE

Watu wengi hudhani kwamba hadithi imekwisha hapo. Lakini kuruka futi 852 kwa mstari ulionyoka, ukielekea upepo mkali, bado si kusafiri. Ndugu Wright walijua hivyo, nao mwaka 1904 walitafuta mahali karibu na nyumbani pa kujifunzia. Mwenye benki mmoja, Bwana Torrence Huffman, aliwapa bure ruhusa ya kutumia malisho yake, kama maili 8 kutoka Dayton. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba kabla ya kuruka wawatoe kwanza ng'ombe na farasi. Basi wagunduzi hao, wenye kofia na tai shingoni, kila siku walianza kwa kuswaga ng'ombe.

Malisho yale yalikuwa na vishimo na vichuguu vya nyasi, na upepo wake haukutosha kuwainua. Ilibidi wajenge mnara wa mbao wenye uzito wa chuma uliofungwa kamba. Uzito ukiangushwa, huivuta eropleni mbele kwa nguvu. Mwaka 1904 waliruka kama mara 100, na wakati wote waliokaa hewani, ukijumlishwa, haukutimia saa moja. Mwaka uliofuata mambo yalibadilika. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur alizunguka juu ya malisho kwa dakika 39, mwendo wa maili 24, mpaka petroli ikamwishia. Kwa hakika siku ile, wala si ile ya Kitty Hawk, ndiyo iliyowapatia wanadamu eropleni ya kufanyia kazi. Ilipatikana Ohio, mahali pa kulishia ng'ombe, kando ya njia ya treni ya umeme iliyopita kila mara na abiria wakichungulia madirishani.

Ajabu ni kwamba watu hawakusadiki. Magazeti ya Dayton hayakujishughulisha sana, ingawa abiria wa treni ile waliona kwa macho yao. Mtu wa kwanza kuandika na kuchapisha habari kamili ya kile alichokiona alikuwa mfuga nyuki. Bwana Amos Root, mwenye kiwanda cha mizinga mjini Medina, kaskazini ya Ohio, alikwenda Dayton kwa motokaa yake, naye alikuwapo malishoni tarehe 20 Septemba 1904, Wilbur alipoizungusha eropleni kwa mara ya kwanza na kurudi mahali alipotoka. Bwana Root aliyaandika hayo katika gazeti lake la ufugaji wa nyuki, toleo la Januari 1905, pamoja na mashauri juu ya asali na malkia wa nyuki. Basi ulimwengu wa wasomi ulipokuwa bado unabishana kama jambo hili lawezekana, wakulima wenye mizinga walikuwa wamekwisha kulisoma.

Ubishi uliendelea mpaka mwaka 1908, Wilbur aliporuka mbele ya Wafaransa karibu na mji wa Le Mans, nao waliokuwa wakimwita mwongo wakamwomba radhi. Lakini mwaka ule ule ulileta msiba. Tarehe 17 Septemba Orville alikuwa akiwaonyesha askari wa serikali ya Marekani eropleni yake huko Fort Myer, karibu na Washington. Rafadha moja ikapasuka, eropleni ikaanguka. Abiria wake, Luteni Thomas Selfridge, akafa. Alikuwa mtu wa kwanza kuuawa katika eropleni yenye injini. Orville alivunjika paja na mbavu. Dada yao Katharine, mwalimu wa Kilatini mjini Dayton, aliyekuwa peke yake kati yao mwenye shahada ya chuo kikuu, aliacha kazi yake siku ile ile akaenda kumwuguza.

Wilbur alikufa kwa homa ya matumbo mwaka 1912, umri wake miaka 45. Orville aliishi mpaka 1948. Hata leo North Carolina na Ohio hazijapatana. Motokaa za North Carolina huandikwa kwenye namba zake kwamba huko ndiko watu walikoruka kwanza, na za Ohio kwamba huko ndiko kazi ya kuruka ilikozaliwa. Nadhani zote mbili zasema kweli.

SAUTI ILIYOSIKIKA UNGUJA

Katika miaka ya vita kuu ya pili serikali ya Marekani ilijenga mjini Cleveland, Ohio, maabara kubwa ya kuchunguza injini za eropleni. Humo lilijengwa sanduku la upepo kama lile la ndugu Wright, lakini kubwa mno na lenye baridi kali, la kuchunguza jinsi barafu inavyoganda juu ya mabawa. Baadaye wataalamu wa huko walijifunza kutumia haidrojeni iliyopoozwa mpaka ikawa kama maji, iwe fueli ya roketi, jambo ambalo wengine waliliona la hatari mno. Sehemu za juu za roketi iliyowapeleka watu mwezini zilitumia fueli hiyo. Tangu mwaka 1999 maabara hiyo huitwa kwa jina la John Glenn.

Bwana Glenn alizaliwa Cambridge, Ohio, mwaka 1921, akakulia katika mji mdogo wa New Concord. Tarehe 20 Februari 1962 aliizunguka dunia mara 3 kwa muda wa saa 4 na dakika 55. Ili wasimpoteze, Wamarekani walikuwa wamejenga vituo vya kusikiliza mahali pengi duniani, na kimoja kilikuwa Tunguu, kisiwani Unguja. Wako wenyeji waliokipinga kituo hicho, wakihofu kwamba ni cha mambo ya vita. Lakini siku ile, Glenn alipokuwa akiivuka Afrika na kuingia Bahari ya Hindi, mazungumzo yake yalikuwa na watu waliokaa Unguja. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya mapinduzi.

Karibu na mwisho wa mzunguko wa kwanza mtambo wa kukielekeza chombo ulianza kuharibika, na Glenn akakishika kwa mkono wake mwenyewe. Tena alama moja ikawaonyesha watu wa chini kwamba ngao ya kuzuia joto imelegea. Kama ilikuwa kweli, angeungua katika kushuka. Aliambiwa asikiachilie kifurushi cha roketi ndogo kilichofungwa juu ya ngao, huenda kingeishikilia. Alishuka akiona vipande vyenye moto vikipita dirishani, asijue kama ni vya kifurushi au vya ngao. Ngao ilikuwa nzima. Alama ndiyo iliyokuwa na kosa. Mwaka 1998, akiwa na umri wa miaka 77, alikwenda tena angani. Alifariki mwaka 2016.

Neil Armstrong alizaliwa karibu na Wapakoneta, Ohio, tarehe 5 Agosti 1930. Alipata ruhusa ya kurusha eropleni akiwa na miaka 16, kabla hajapata ya kuendesha motokaa, na mwaka 1955 alifanya kazi kwa miezi kadhaa katika ile maabara ya Cleveland. Mwezi wa Machi 1966 chombo chake, Gemini 8, kilishikwa na kizunguzungu kwa sababu ya roketi ndogo moja iliyokataa kuzimika, hata kikawa chazunguka karibu mara moja kwa kila sekunde. Yeye na mwenzake walikaribia kuzirai. Armstrong alizima mitambo ya kawaida, akatumia roketi nyingine zilizowekwa akiba kwa ajili ya kushuka, akakituliza. Tarehe 20 Julai 1969 mashine ilikuwa ikimshusha juu ya mwezi mahali penye mawe makubwa kama motokaa. Alichukua usukani mkononi mwake, akapita juu ya mawe yale kutafuta mahali tambarare, akatua fueli ikiwa imebaki ya kutumia kwa muda usiotimia dakika moja.

Katika chombo kile alikuwa amechukua mzigo mdogo kwa mapatano na jumba la makumbusho la eropleni lililo Dayton. Ulikuwa kipande cha mti wa rafadha na kipande cha kitambaa cha bawa, vyote viwili vya eropleni ile ya mwaka 1903. Kati ya safari ya kwanza ya kitambaa kile na safari yake ya mwezini ilikuwa imepita miaka 66.

Malisho ya Bwana Huffman yako hata leo, ndani ya kiwanja kikubwa cha ndege za jeshi, nayo bado ni majani matupu na kibanda cha mbao kilichojengwa upya. Tangu mwaka 1992 ni sehemu ya hifadhi ya kumbukumbu ya taifa, pamoja na mojawapo ya maduka ya ndugu Wright katika mji wa Dayton. Nyumba ya Paul Laurence Dunbar imo pia katika hifadhi hiyo, ile aliyomnunulia mama yake kwa fedha za vitabu vyake. Mama huyo, Bibi Matilda, alikaa humo mpaka alipokufa mwaka 1934, na chumba cha kusomea cha mwanawe alikiacha kama alivyokiacha yeye.